KWA NINI DAWA YA MALARIA HUCHAKAA

Maneno ya hotuba juu ya urithi wa vijidudu vya malaria. Yamepangwa ili yaweze kusomwa barazani, shuleni na katika mikutano ya akina mama. Ajuaye kusoma na amsomee asiyejua.



Watu wazima wengi wa nchi hii wanavikumbuka vidonge vichungu vya klorokwini. Kwa miaka mingi vidonge hivyo viliuzwa madukani, na mgonjwa wa malaria aliyevimeza aliweza kutumaini kupona baada ya siku chache. Leo klorokwini haitegemewi tena kuwaponya watu wa Kenya malaria ile kali iliyo nyingi barani Afrika. Si kwamba dawa yenyewe iliharibika, wala si kwamba wenye viwanda waliipunguza nguvu. Kidonge cha klorokwini kilichotengenezwa mwaka wa 1990 kilikuwa na dawa ile ile iliyokuwamo katika kidonge cha mwaka wa 1960. Kilichobadilika ni kijidudu cha malaria.

Yafaa jambo hili lifahamike kwa kila mtu, mkulima na mfanyakazi wa mjini, kwa sababu dawa inayotumika siku hizi imekwisha kuanza kupatwa na mkasa ule ule katika nchi za jirani. Na malaria si adui mdogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya la Ulimwengu, katika mwaka wa 2023 watu wapatao milioni 263 waliugua malaria duniani, na wapatao 597,000 walikufa. Katika kila vifo 100, vifo 95 vilitokea Afrika, na wengi wa waliokufa walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano.

KIJIDUDU NA SAFARI YAKE

Kijidudu cha malaria kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka wa 1880. Aliyekiona ni Charles Louis Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Constantine, Aljeria. Alikuwa akitazama damu ya askari mgonjwa kwa hadubini. Mwaka wa 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, alikikuta kijidudu hicho ndani ya tumbo la mbu huko Bara Hindi. Muda mfupi baadaye Giovanni Battista Grassi na wenzake wa Italia wakathibitisha kwamba mbu waletao malaria kwa watu ni wale wa jamii ya anofelesi.

Ziko aina tano za vijidudu vya malaria ambavyo hujulikana kuwaugua watu. Iliyo kali kuliko zote, nayo ndiyo iliyoenea zaidi Afrika, huitwa na wataalamu Plasmodium falciparum. Habari za hotuba hii ni za aina hiyo.

Mbu jike anapomwuma mtu humwingizia vijidudu vichache pamoja na mate yake. Vijidudu hivyo hukimbilia katika ini. Humo hujificha kwa muda wa juma moja hivi, na mtu hajisikii vibaya hata kidogo. Lakini ndani ya ini kijidudu kimoja hugeuka kuwa maelfu. Kisha maelfu hayo hutoka na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Kila kimoja huila chembe iliyokipokea, na baada ya saa 48 hivi huwa kimezaa vingine kumi na zaidi. Chembe hupasuka, vijidudu vichanga humwagika katika damu, kila kimoja hutafuta chembe yake, na kazi huanza upya. Kupasuka huko kwa chembe ndiko kumfanyako mgonjwa atetemeke kwa baridi na kuwaka kwa homa. Mtu aliyelala kitandani kwa malaria aweza kuwa na mamia ya mamilioni ya vijidudu katika damu yake, na pengine zaidi.

Hesabu hiyo na ikumbukwe, kwa kuwa ndiyo chanzo cha mambo yote yatakayosemwa.

KITABU CHA URITHI

Kila kiumbe chenye uhai hubeba ndani yake maagizo ya namna ya kuumbwa na kuishi kwake. Mbegu ya mhindi inayo maagizo ya mhindi, na yai la kuku linayo maagizo ya kuku. Maagizo hayo huweza kulinganishwa na kitabu kilichoandikwa kwa herufi nne tu, zikipangwa na kupangwa tena katika nyuzi ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona. Agizo moja huitwa jeni, na uzi mmoja huitwa kromosomu.

Mwaka wa 2002 wataalamu wa nchi mbalimbali walitangaza kwamba wamekwisha kukisoma kitabu chote cha Plasmodium falciparum. Walikuta nyuzi 14, herufi zipatazo milioni 23, na jeni zipatazo 5,300. Kitabu cha mwanadamu kina herufi zipatazo milioni 3,000. Basi cha kijidudu ni kidogo kabisa ukikilinganisha na cha mtu, lakini kimempa mwanadamu kazi ngumu.

Kijidudu kinapozaa hakina budi kukinakili kitabu chake kizima ili kila mtoto apate chake. Karani anayenakili barua ndefu, hata akiwa hodari namna gani, siku moja atakosea herufi. Kijidudu nacho hukosea mara chache. Makosa mengi hayana maana, na mengine humwua mtoto papo hapo. Lakini penye mamia ya mamilioni ya wanaonakili, hata kosa lililo adimu sana hutokea mahali fulani. Na mara moja moja kosa huleta faida: hukipa kijidudu njia ya kuishi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo.

Tena kuna jambo la pili. Katika damu ya mtu, baadhi ya vijidudu hugeuka kuwa vya kiume na vya kike. Mbu akivinyonya pamoja na damu, huoana ndani ya tumbo lake, na urithi wa wazazi wawili huchanganyika. Mwaka wa 1987 David Walliker wa Edinburgh, Scotland, pamoja na wenzake, walieleza namna walivyovioanisha kwa makusudi vijidudu vya falciparum vya jamaa mbili ndani ya mbu na kuupima urithi wa watoto wao. Kwa hiyo kijidudu kinachoweza kuishinda dawa moja kikioana na kile kinachoweza kuishinda dawa nyingine, baadhi ya watoto wao waweza kuzishinda dawa zote mbili.

Zaidi ya hayo, kijidudu hiki kina jeni zipatazo 60 ambazo kazi yake ni kama kazi ya kanzu za mwizi. Kwa kawaida kijidudu hutumia moja kwa wakati mmoja, na kwa hiyo hujionyesha kwa nje kwa namna moja. Walinzi wa mwili wakikwisha kuitambua kanzu hiyo na kuanza kuwaua wenye kuivaa, vijidudu vichache vilivyovaa nyingine husalimika na kuzaana. Ndiyo sababu mtu aliyeugua surua mara moja kwa kawaida haugui tena, lakini aliyeugua malaria huugua tena na tena.

HAKUNA AKILI, ILA KUCHAGULIWA

Watu wengi husema kwamba vijidudu vimejifunza kuishinda dawa. Usemi huo ni rahisi, lakini si wa kweli. Kijidudu hakina akili wala hakijifunzi. Jambo lenyewe ni kuchaguliwa, na wafugaji ndio wanaoweza kulielewa upesi kuliko wote.

Mfugaji aliyetia maji mengi mno katika dawa ya josho huona kupe wengi wakifa, akarudi nyumbani akifurahi. Lakini kupe wachache waliozaliwa wakiwa wagumu zaidi hawakufa. Hao ndio watakaozaa. Mwaka ujao atakuwa na kupe wengi waliozaliwa na wale wagumu, na dawa ile ile haitawatisha tena. Josho halikuwafundisha kupe kitu. Liliwaondoa wanyonge tu na kuwaachia wagumu malisho yote.

Hata wanadamu wamepata kuchaguliwa namna hiyo, na aliyewachagua ni malaria yenyewe. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliwapima damu watu wa sehemu mbalimbali za Afrika ya Mashariki, na mwaka wa 1954 akatangaza aliyoyaona. Urithi wa selimundu, ule ugeuzao chembe za damu kuwa na umbo la mundu, ulikuwa kwa watu wengi kando ya Ziwa la Victoria na pwani, mahali penye malaria nyingi, lakini katika nyanda za juu zenye baridi ulikuwa kwa watu wachache mno. Sababu yake ni kwamba mtoto aliyeupata urithi huo kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Aliyeupata kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa wa selimundu wenyewe. Malaria iliwaua wengi wasiokuwa na kinga hiyo, na waliosalia wakaurithisha ule urithi kwa watoto wao, kizazi baada ya kizazi.

Kwa wanadamu mabadiliko kama hayo yalichukua maelfu ya miaka. Kijidudu, ambacho kizazi chake ni siku mbili, hakihitaji muda mrefu hivyo.

HABARI ZA KLOROKWINI

Klorokwini ilitengenezwa kwanza Ujerumani mwaka wa 1934 na Hans Andersag. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea duniani kote, kwa kuwa ilikuwa rahisi, haikuwa na madhara makubwa, na ilifanya kazi upesi. Wako waliotumaini kwamba dawa hiyo, pamoja na dawa ya kuua mbu, itaimaliza malaria kabisa.

Namna ilivyofanya kazi ni hii. Kijidudu kinapoila damu, ndani ya kifuko chake cha chakula hubaki takataka ya madini ya chuma, nayo ni sumu kwake. Hujiponya kwa kuigandisha takataka hiyo iwe kama chembe za mchanga zisizomdhuru. Klorokwini huingia katika kifuko na kuzuia kuganda huko, na kijidudu hufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe.

Kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 zilisikika habari mbaya kutoka pande mbili za dunia: mpakani mwa Thailand na Kambodia, na Kolombia huko Amerika ya Kusini. Wagonjwa walikuwa wakimeza klorokwini bila kupona. Mwaka wa 1978 habari hizo zikafika Afrika ya Mashariki, na katika miaka kumi hivi iliyofuata zilikuwa zimeenea sehemu nyingi za bara hili. Watoto wengi walikufa katika miaka hiyo, kwa kuwa wazazi walitegemea dawa iliyokwisha kuchakaa na hawakuwa na nyingine ya bei ndogo.

Mwaka wa 2000 wataalamu waliipata jeni iliyohusika. Huitwa pfcrt, nayo imo katika uzi wa saba. Jeni hiyo ni agizo la kutengeneza mlango wa kile kifuko cha chakula. Kijidudu kilichobadilika mahali pa 76 pa agizo hilo, pamoja na mahali pengine pachache, hupata mlango unaoitoa klorokwini nje kabla haijafanya kazi yake.

Wataalamu walipoyasoma maandiko ya jirani na jeni hiyo waliona ajabu. Vijidudu vigumu vya Afrika vilikuwa na maandiko yale yale ya vijidudu vya Asia. Maana yake, badiliko hilo halikuzuka Afrika mahali pengi mbalimbali. Lilikuja kutoka Asia, likisafiri katika damu ya watu, kisha likaenezwa na mbu wa hapa. Vijidudu havina paspoti, wala mipaka ya nchi haivizuii.

FUNZO LA MALAWI

Jambo la kutia moyo lilitokea Malawi. Mwaka wa 1993 nchi hiyo iliacha kabisa kutumia klorokwini kwa malaria, ikachukua dawa ya SP, ambayo wengi waliijua kwa jina la Fansidar. Mwaka wa 1992, katika mji wa Blantyre, alama ya ugumu katika jeni ya pfcrt ilionekana katika vijidudu 85 kwa kila 100. Kufikia mwaka wa 2000 ilionekana katika 13 tu kwa kila 100. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka wa 2006, klorokwini iliwaponya karibu watoto wote waliopewa, lakini SP ilishindwa kwa walio wengi.

Ilikuwaje? Ni kwamba ugumu una gharama yake. Askari aliyevaa deraya nzito husalimika vitani, lakini siku ya kulima hushindwa na jirani asiyevaa kitu. Kijidudu chenye mlango ule uliobadilika husalimika penye klorokwini, lakini pasipo na klorokwini hushindwa na ndugu zake wa kawaida. Dawa ilipoondolewa, walio wa kawaida walizaana na kuwapita.

Funzo ni kwamba mwanadamu ndiye anayefanya uchaguzi, ajue au asijue. Vidonge vinavyomezwa katika nchi ndivyo vinavyoamua ni vijidudu vya namna gani vitakavyoishi katika nchi hiyo. Lakini ni lazima nchi nzima ishiriki. Mtu mmoja akiacha na elfu wakaendelea, hakuna faida.

DAWA MSETO NA HATARI MPYA

Kenya nayo iliiacha klorokwini ikachukua SP mwaka wa 1998. SP haikudumu, maana vijidudu vilivyokwisha kubadilika katika jeni mbili vilianza kuishinda. Hata hivyo dawa hiyo bado hupewa wanawake wajawazito katika sehemu zenye malaria nyingi, kwa ajili ya kuwakinga. Mwaka wa 2004 Serikali ilikata shauri kutumia dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, nayo ikaanza kufika hospitalini na katika zahanati mwaka wa 2006.

Asili ya dawa hiyo ni Uchina. Mwaka wa 1967 serikali ya huko iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria. Bibi mmoja, Tu Youyou, alivichungua vitabu vya kale vya utabibu, akakuta katika maandishi ya karne ya nne habari za mmea uliotumiwa kwa homa. Kutoka katika mmea huo, ambao wataalamu huuita Artemisia annua, yeye na wenzake walipata artemisinini. Mwaka wa 2015 alitunukiwa zawadi ya Nobel.

Artemisinini huua vijidudu upesi kuliko dawa nyingine, lakini haikai mwilini. Baada ya saa chache imekwisha. Kwa hiyo huunganishwa na dawa ya pili inayokaa siku nyingi na kuyamaliza mabaki. Hekima ya kuunganisha ni hii: kijidudu kimoja kubahatika kuishinda dawa moja ni jambo adimu, kimoja hicho hicho kubahatika kuzishinda mbili kwa wakati mmoja ni jambo adimu zaidi mara nyingi. Mwizi aweza kuwa na ufunguo wa kufuli moja, lakini si rahisi awe na funguo za kufuli mbili.

Hata hivyo, mnamo mwaka wa 2008 na 2009 ilitangazwa kwamba magharibi ya Kambodia vijidudu vimeanza kuchelewa kufa kwa artemisinini. Mwaka wa 2014 ilijulikana kwamba alama yake imo katika jeni iitwayo kelch13. Kijidudu chenye badiliko hilo kinapokuwa kichanga huweza kuvumilia saa zile chache za dawa, kisha kikaamka.

Watu wa Afrika walitazama upande wa Asia kwa hofu, wakidhani hatari itakuja tena kutoka huko kama zamani. Haikuja hivyo. Mwaka wa 2020 wataalamu walitangaza kwamba badiliko la kelch13 limeonekana Rwanda, na maandiko ya urithi yalionyesha kuwa limezuka papo hapo. Mwaka wa 2021 habari kama hizo zilitoka kaskazini ya Uganda, nazo zilihusu mabadiliko mengine. Baadaye yalionekana pia katika Mkoa wa Kagera, Tanzania, na huko Eritrea. Safari hii Afrika ya Mashariki haikuletewa ugumu na wageni, imeuzaa yenyewe.

Isisemwe kwamba dawa mseto imekwisha kufa. Bado huponya wagonjwa walio wengi, kwa kuwa ile dawa ya pili inafanya kazi. Lakini dawa ya kwanza ikichelewa, mzigo wote huiangukia ya pili. Na hiyo nayo ikishindwa, kufuli zote mbili zitakuwa wazi.

HATA KIPIMO CHAWEZA KUKWEPWA

Siku hizi mgonjwa hutobolewa kidole, na tone la damu hutiwa katika kipimo cha haraka. Vipimo vingi vya namna hiyo hutafuta protini moja ya falciparum iitwayo HRP2. Mwaka wa 2010 ilitangazwa kwamba huko Peru viko vijidudu vilivyopoteza kabisa jeni ya protini hiyo. Mwaka wa 2016 Eritrea ilibidi kubadili vipimo vyake, kwa sababu wagonjwa wengi wenye malaria kali walipimwa wakaambiwa hawana. Ethiopia na Djibouti nazo zimeviona vijidudu hivyo. Hapa tena hakuna ujanja: kipimo kilimwonyesha mwenye jeni, akatibiwa akafa, asiyekuwa nayo akaachwa azae.

Hii si sababu ya kudharau kipimo. Kipimo kingali njia bora kuliko kubahatisha. Lakini mtu aliyeambiwa hana malaria, na homa ikaendelea, arudi hospitalini upesi, wala asikae nyumbani.

KAZI YA WATAALAMU

Katika vituo vya utafiti, kama vile Kilifi na Kisumu, wataalamu huvipima vijidudu ili kujua nchi inaelekea wapi. Tone la damu lililokaushwa juu ya kipande cha karatasi latosha kusomwa maandiko ya vijidudu vilivyomo. Mwaka wa 2023 muungano wa watafiti wa nchi nyingi ulitangaza maandiko ya vijidudu vya zaidi ya sampuli 20,000 kutoka nchi 33. Kwa kazi hiyo alama ya hatari huweza kuonekana kabla wagonjwa hawajaanza kufa, na Serikali ikapata nafasi ya kubadili dawa mapema. Wakati wa klorokwini nafasi hiyo haikuwapo; jeni yake ilijulikana miaka 22 baada ya ugumu kufika Afrika ya Mashariki.

Chanjo nayo inahusika na mambo ya urithi. Chanjo ya RTS,S, ambayo ilianza kutolewa katika sehemu za Malawi, Ghana na Kenya mwaka wa 2019, imetengenezwa kwa kufuata protini ya kijidudu cha jamaa moja. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba iliwakinga watoto vizuri zaidi na vijidudu vilivyofanana na jamaa hiyo kuliko vilivyotofautiana nayo. Chanjo ni msaada mkubwa, na kila mzazi aliye katika sehemu inayopewa na ampeleke mtoto wake. Lakini haiondoi haja ya chandarua wala ya dawa.

KAZI YA KILA MTU

Pengine atainuka mtu barazani aseme, "Mambo haya ni ya madaktari, mimi mkulima nifanye nini?" Jibu ni kwamba uchaguzi ule uliotajwa haufanyiki maabarani. Hufanyika nyumbani, katika damu ya mtu, siku anapomeza dawa.

Kwanza, mwenye homa apimwe kabla ya kumeza dawa ya malaria. Si kila homa ni malaria. Dawa ikimezwa bure bure hukaa katika damu siku nyingi ikipungua nguvu polepole, na kijidudu kiingiacho wakati huo hukutana na dawa dhaifu, kama kupe wa josho lililotiwa maji.

Pili, dawa imezwe yote. Dozi ya artemeta na lumefantrini humezwa mara sita kwa siku tatu, na ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa nane. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwa sababu bila mafuta mwili huipokea kidogo tu. Wengi hujisikia wazima siku ya pili, wakaweka vidonge vilivyosalia kwa ajili ya homa ya mwezi ujao. Vijidudu vilivyobaki siku hiyo ni vile vilivyovumilia. Hivyo ndivyo atakavyovichukua mbu usiku na kumpelekea jirani.

Tatu, dozi ya mtu mmoja isigawanywe kwa watoto wawili. Huruma ya namna hiyo haimponyi hata mmoja wao. Tena dawa isinunuliwe kwa mchuuzi wa njiani, maana ziko dawa za bandia zenye chembe tu ya dawa ya kweli, nazo ni mbaya kuliko maji matupu. Artemisinini peke yake bila mwenzake isimezwe kwa malaria ya kawaida. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitaka uuzaji wake ukomeshwe tangu mwaka wa 2006.

Nne, mbu azuiwe. Mtu anayelala ndani ya chandarua chenye dawa hamwokoi mwanawe peke yake. Kijidudu kisichochukuliwa na mbu hakipati mahali pa kuoana, na ugumu wake hufa pamoja nacho.

Ni kweli kwamba hata mtu akifuata yote haya, vijidudu vitaendelea kubadilika, kwa kuwa kunakili hakuishi na makosa hayaishi. Hakuna dawa itakayodumu milele. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya dawa iliyodumu miaka kumi na dawa iliyodumu miaka arobaini, na tofauti hiyo huhesabiwa kwa watoto walio hai. Kisima cha kijiji hakiharibiwi na mtu mmoja kwa siku moja. Huharibiwa na kila ajaye akitia uchafu kidogo akaenda zake. Dawa ya malaria nayo ni kisima cha wote. Mwenye kumaliza dozi yake anakilinda kwa ajili ya mtoto ambaye hajazaliwa bado, na ambaye siku moja atashikwa na homa usiku wa manane, na mama yake akiwa na dawa hii tu ya kumpa.